Predator wa banda la video: namtengenezaje mwenyewe kwa vitu vya hapahapa Mwanza?

Swali limetoka kwa kaka mmoja, nimelifupisha kidogo:

"Dada habari za kazi. Mi ni fundi simu hapa Kirumba, miaka 36. Udogoni tulikua tunatoroka kwenda banda la video kule Mabatini, na katika zote nilizoona Predator ndo haijanitoka mpaka leo. Juzi nimeona sanamu yake mtandaoni, inauzwa huko nje, bei yake ukiweka na usafiri ni mtaji wangu wa mwezi. Nimewaza nitengeneze mwenyewe ila sijawahi kufinyanga hata chungu. Nianzie wapi, nitumie vitu gani vinavyopatikana hapa Mwanza, na ikitoka vizuri naweza kutengeneza nyingine nikauza? Mke wangu anasema nimerudi utotoni."

Salama kaka yangu, pole na majukumu. Nianze na la wifi maana ndo jepesi. Mwambie yuko sahihi kabisa, umerudi utotoni, ila huko ulikorudi utawakuta mafundi wakubwa wote wa hii kazi. Stan Winston, mwenye karakana iliyomtengeneza huyo Predator, lile jitu la kutoka anga za mbali linalowinda watu kwenye filamu ya 1987, alikua mtoto wa Virginia anayependa vikaragosi, kuchora, na filamu za kutisha, akakua akaenda Hollywood kutafuta uigizaji, uigizaji ukagoma, akaishia kujifunza meki-apu kwenye studio ya Disney na huko ndo akatokea. Kabla yake kuna Ray Harryhausen, huyu mwaka 1933 akiwa na miaka 13 aliiona King Kong kwenye jumba la sinema Los Angeles akatoka pale kama karogwa, akaanza kuunda viumbe vyake nyumbani. Dubu wake mmoja wa mwanzo kamvalisha manyoya ya koti la zamani la mama yake! Na baba yake ambae alikua fundi wa mashine akawa anamchongea viungo vya chuma vya hao wanyama. Sasa angalia, miaka 30 baadae, 1963, Harryhausen huyohuyo anachezesha vile viunzi saba vya mifupa ya watu vinavyopigana kwa panga na binadamu kwenye Jason and the Argonauts, kipande cha dakika chache tu ila kilimla zaidi ya miezi minne, anasogeza mkono kidogo anapiga picha, anasogeza tena anapiga. Japani nako hivohivo, Eiji Tsuburaya aliiona King Kong ikamkaa, 1954 akaja na Godzilla, lile jitu kama mjusi.

Na Kong mwenyewe unajua alikua na urefu gani? Sanamu yake kuu ilikua kama sentimita 45. Nyani aliyetikisa dunia unaweza kumweka juu ya meza yako ya simu. Fundi wake Marcel Delgado alimuunda kwa mifupa ya chuma yenye viungo vinavyozunguka, juu yake pamba na mpira, juu kabisa ngozi ya sungura, na ukiangalia ile filamu kwa makini utaona manyoya yanatikisika bila upepo, hizo ni alama za vidole vya waliokua wanamsogeza kati ya picha na picha. Kwahiyo kaka usione aibu. Ulichokipenda kwenye ile tivii ya banda kilikua kazi ya mikono ya mtu tangu mwanzo.

Nikupe na moja ya kumsimulia mteja anaposubiri kioo kikauke gundi: mtu wa kwanza kuvalishwa Predator alikua Van Damme. Ndio, Van Damme huyu wetu wa mateke. Ila vazi la kwanza lilikua dude lingine kabisa, halitishi, likakataliwa na Van Damme akaondoka, na Arnold Schwarzenegger, steringi wa filamu, akawatajia jina la Winston kwa sababu walishafanya wote Terminator ya 1984. Winston akachukua wazo la dredi kutoka kwenye mchoro wa shujaa wa kirasta uliokua ofisini kwa prodyuza Joel Silver, na yale meno ya pembeni yanayofunguka kama miguu ya kaa alishauriwa na James Cameron wakiwa wamekaa pamoja kwenye ndege. Ndani ya vazi jipya wakamweka Kevin Peter Hall, mtu wa mita 2 na sentimita kama 20. Hiyo namba ishike, tutaihitaji mbele.

Haya, ununue au utengeneze? Tengeneza. Sikwambii hivo kwa sababu ya bei peke yake. Zile sanamu za nje ziko za aina mbili, kuna zilizokamilika rangi na kila kitu, hizo unanunua unaweka kabatini umemaliza, na kuna seti za kuunganisha zinazokuja vipande vipande, biashara ambayo Wamarekani wa kampuni ya Aurora waliipamba moto 1961 walipotoa Frankenstein wa plastiki wa kuunganisha na gundi, watoto wakagombania, baadae wakatoa na Kong na Godzilla. Alafu Wajapani miaka ya 80 wakachoka kusubiri viwanda, wapenzi wenyewe wakaanza kufinyanga viumbe wanaowapenda na kuwamwaga kwa rezini, ile plastiki ya maji inayoganda, majumbani kwao, wachache wachache. Hao wa mwisho ndo wenzako. Walianza kwa sababu kile walichokua wanakiona kichwani hakikuwepo dukani, na nakuhakikishia Predator wako hayupo dukani.

Ngoja nieleze hapo maana ndo jambo lenyewe. We hukuiona ile filamu kama alivyoiona Mmarekani kwenye jumba la sinema. Umeiona kwenye kanda iliyorudiwa mara kumi, tivii imebana juu kwenye kona, rangi imeegemea kijani, vichwa vya wakubwa mbele yako, na juu ya milio ya risasi kuna sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, inakwambia adui anafanya nini na steringi anawaza nini. Sisi wasichana ndo kabisa, banda lilikua la wavulana, tulikua tunachungulia kwenye upenyo wa gunia, mi filamu nyingi za utotoni nazikumbuka nusu skrini ya kushoto. Kwahiyo unachokipenda sio "Predator" kwa ujumla, kuna sekunde fulani ilikuingia. Inaweza ikawa pale anapovua kofia lake la chuma. Au pale kwenye maji ambapo Arnold kajipaka tope hamuoni. Au ni zile nukta tatu nyekundu zinatembea kwenye mwili wa mtu. Mtu akiniambia "nataka kumtengeneza Predator" namuuliza yupi, kasimama vipi, anaangalia nini, ametoka kufanya nini. Asipojua ataishia kufinyanga askari kasimama wima mikono pembeni, mfu kabisa, hata akiweka kila undani wa kila kifungo.

Kwahiyo kazi ya kwanza, kabla hujagusa waya, na kabla hujafungua simu kutafuta picha, chukua karatasi umchore kwa kumbukumbu. Hujui kuchora, najua, chora hivohivo, hata vijiti. Vitu utakavyovikuza kwenye huo mchoro wako mbaya, labda mabega, labda makucha, labda ule mguu uliotangulia, ndo vitu vilivyokutisha ukiwa mtoto, na ndo utakavyovitia chumvi kidogo kwenye sanamu. Baada ya hapo sasa ndo uangalie filamu tena, usimamishe, upige picha skrini kutoka pande nyingi kadri inavyowezekana, ya mbele, ubavu, mgongo. Huo mgongo watu wanausahau wanafika katikati ya kazi hawajui nyuma kuna nini.

Kuhusu pozi nikwambie kitu cha Haruo Nakajima, yule aliyekua ndani ya Godzilla wa 1954. Vazi lile la kwanza lilikua na uzito wa kama kilo 100, hatembei anajikokota, na kabla ya kuigiza alienda bustani ya wanyama kuangalia tembo na dubu wanavyohamisha uzito wanapotembea. Uzito ndo siri kaka. Mtu akisimama kwa kupumzika uzito unakaa mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huohuo linashuka, kichwa kinarudisha mizani. Simama mbele ya kioo ujaribu, alafu ujipige picha kwa pozi la Predator wako. Wifi akikuona hapo ataongea mengine lakini vumilia.

Saizi. Mi nakushauri 1/6, yani kila sentimita 6 za kweli unafanya 1. Kevin Peter Hall anakua kama sentimita 36 au 37, Arnold akisimama pembeni anakua 31 hivi. Wengi wanaoanza wanataka kadogo wakidhani ni rahisi, kumbe uso wa sanamu ya sentimita 12 ni punje ya karanga, utatobolea macho na sindano. Na usiende kubwa zaidi pia, kwa sababu ukiongeza urefu mara mbili udongo unaongezeka mara nane, hesabu hiyo wateja wangu wa sanamu za milangoni huwa wanaibishia mpaka waone bei.

Sasa mifupa. We uliwahi kutengeneza gari la waya utotoni? Kama ulitengeneza basi hii unaijua, waya unakunja mkononi na plaizi mpaka umbo lisimame lenyewe, tofauti ni kwamba hapa gari lina magoti. Waya wa kufungia nondo ni mlaini sana ukiwa mmoja, chukua nyuzi mbili uzisokote pamoja, kwa kiwiliwili na miguu weka nne. Waya wa alumini ukiupata ni bora zaidi maana haushiki kutu. Chora kwenye karatasi umbo la urefu kamili sentimita 36, uulaze waya juu yake, uweke alama ya nyonga, goti, bega, kiwiko. Miguuni acha waya uzidi kama sentimita 5 chini ya nyayo, hizo ndo zitaingia kwenye ubao uliotoboa tundu, maana sanamu isiyoshikiliwa itakuangukia kila saa. Ukimaliza izungushe, angalia pande zote, zima taa ummulike kwa tochi ya simu uangalie kivuli chake ukutani. Kivuli kikisomeka, yani mtu akikiangalia anajua huyu anakuja au anaondoka, anatisha au amechoka, endelea. Kisiposomeka kunja upya, waya haudai kitu. Kaa hapo kwenye waya muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa.

Usijaze mwili wote kwa udongo wa gharama. Ndani jaza na foili ya jikoni uikamue kabisa iwe ngumu, au povu la ndala kuukuu, ndala inachongeka vizuri sana na kisu kikali. Acha nafasi ya milimita 3 au 4 kwa ajili ya nyama ya juu. Alafu zungushia waya mwembamba wa shaba, wewe unao kwenye koili za chaja zilizokufa, ili udongo upate pa kushika.

Udongo gani? Hapa nitakukatisha tamaa kidogo: udongo wa mfinyanzi, ambao kwetu Kanda ya Ziwa ni mzuri sana, usiutumie juu ya waya. Ukikauka unasinyaa, waya hausinyai, utapasuka kila kiungo. Utumie kujifunzia uso na mikono tu, finyanga, vunja, rudia, ni wa bure. Kazi yenyewe tumia ile gundi ya kufinyanga ya epoksi ya sehemu mbili, wanauza maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi bomba wanazibia mabomba na matenki. Unakata kiasi sawa cha kila upande unakanda mpaka rangi iwe moja, alafu kutegemea aina una dakika chache tu mpaka nusu saa au zaidi kidogo kabla haijagoma, kwahiyo kanda kidogokidogo, saizi ya ndimu usizidishe. Paka maji vidoleni isikunate, na vaa glavu, epoksi ikizoea ngozi yako siku moja itakuletea mwasho ambao hautakuacha. Zana za kufinyangia unazo tayari, zile koleo zako ndogo, zile plastiki za kufungulia simu, sindano, vijiti vya meno. Na hiyo taa yako yenye lenzi ya kukuzia, mi mwenyewe naionea wivu.

Kwa maeneo makubwa kama mapaja na mgongo kuna njia ya bei rahisi, ile fila ya magari wanayotumia mafundi wa bodi. Inachanganywa na hadina yake, inakauka haraka, inapigwa msasa vizuri. Shida yake ni harufu na vumbi, kafanyie nje na uvae barakoa, sio ndani ya kibanda cha simu chenye wateja. Kuna na ule udongo wa polima unaochomwa kwenye oveni kwa nyuzi kama 130, wazungu wanaupenda, mzuri kweli, ila mpaka uagize na uwe na oveni inayosema ukweli, achana nao kwa sasa.

Anza na maumbo makubwa. Kifua ni yai, nyonga ni kisanduku, unganisha. Usiguse uso. Usiguse kucha. Najua utatamani kuanza na yale meno, kila mtu anatamani, ila uso mzuri kwenye mwili uliopinda vibaya ni hasara ya uso. Mwili ukikaa sawa ndo unarudi juu, kichwa, kofia, yale meno manne kila moja na kiwaya chake ndani. Dredi nazo zifinyange juu ya waya mwembamba, nene juu zinachongoka chini, uzikunje kufuata mwendo wa kichwa, kama kageuka ghafla basi dredi zinachelewa nyuma yake. Kitu hichohicho kitamfanya aonekane anatembea kuliko hata miguu.

Sasa raha ya kuwa fundi wa Kirumba. Predator kavaa nyavu mwilini, unakumbuka? Ile ya kwenye vazi ina matundu makubwa kiasi, kwa 1/6 unahitaji tundu la milimita 6 au 8 hivi, na nyavu ya dagaa ina tundu la kama milimita 8. Yani nenda tu pale soko la samaki la Mwaloni, omba kipande kilichochanika, wanatupa. Ioshe na sabuni vizuri, mara mbili, la sivyo Predator wako atanukia na paka wa mtaa mzima watakaa dirishani. Ivute kimshazari mwilini, tundu linakua jembamba linakaa kama almasi, ishikilie kwa supaglu tone tone kwenye mikunjo, alafu makali ya vyuma vyake, vile vya bega na mapaja, yafunike ncha za nyavu. Nimeona sanamu za bei mbaya ambazo nyavu imechongwa kwenye plastiki, ukiweka na hii ya nyuzi halisi hailingani hata kidogo.

Na nukta tatu nyekundu, wewe ndo mtu wa kuziweka, mi umeme siujui kama wewe. Taa ndogo tatu za LED nyekundu, zile za milimita 3 au ndogo zaidi za kwenye simu, pembeni ya kofia kwa pembetatu. LED nyekundu inataka kama volti 2, betri ya simu ni 3.7 na ikijaa inafika 4.2, kwahiyo kila taa na rezista yake ya omu 150 hivi zitatosha. Pitisha nyaya mgongoni ndani ya foili KABLA hujafunika, chini zitokee kwenye unyayo mpaka ndani ya ubao, betri na swichi vikae huko. Angalia tu foili isiguse nyaya zilizo uchi.

Rangi. Praima ya kijivu ya spreya ya magari kwanza, nyembamba mara mbili, itakuonyesha mikwaruzo yote uliyokua hujaiona, rudi na msasa laini. Kisha rangi za akriliki. Ngozi yake watu wanakosea wanapaka kijani moja kwa moja kwa sababu ya zile kanda zetu. Ukweli mwili wake ni krimu ya njano tumboni na usoni, kadri unavyokwenda mgongoni na nje ya mikono inaingia kahawia na madoa meusi kama ya chura. Ila nakurudisha kwenye mchoro wako wa kumbukumbu: kama Predator wa Mabatini alikua wa kijani, mpake kijani. Ni wako. Mi ningepaka rangi halisi alafu mwisho nimpitishie maji ya rangi ya kijani hafifu juu ya kila kitu, ile rangi iliyozimuliwa sana inayoshuka kwenye mifereji, ukawa umeshika vyote viwili. Vyuma vyake vipake vyeusi, vikikauka chukua brashi karibu kavu yenye fedha kidogo upitishe kwenye makali tu. Damu ukitaka kuweka, ile ya kwenye filamu ilikua majimaji ya vijiti vinavyowaka gizani yaliyochanganywa na jeli, wewe tafuta rangi ya kijani inayong'aa inatosha. Brashi ndogo usihangaike, maduka ya vipodozi pale Makoroboi wanauza seti za kuchorea kucha, zina ncha nyembamba kuliko za wachoraji na bei ya soda chache.

Na usipake rangi usiku na taa inawaka karibu na ziwa wakati wale wadudu wadogo wa ziwani wametoka. Utaamka una Predator mwenye manyoya.

Kitako ni sehemu ambayo Mwanza tumependelewa, mawe tunayo mpaka ya kugawa. Lakini chagua lenye chembechembe ndogo, kwa sababu jiwe la chembe kubwa linamwambia mtu hapohapo kwamba hiki ni kijiwe, na sanamu inasinyaa machoni. Msitu upate ziwani, mizizi ya magugu maji ile myeusi yenye vinyweleo, ianike mpaka ikauke kabisa kabisa, ichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, ining'inize ikauke tena. Ikikaa juu ya jiwe inaonekana mizizi ya mti mkubwa wa porini. Maranda laini ya kwa seremala yaliyopakwa kijani yanakua majani ya chini. Ama uachane na msitu wa Meksiko walikopigia ile filamu, umsimamishe juu ya mawe yaliyopangana kama ya Bismarck, yale mawe yetu ya ziwani, Predator kafika Mwanza, mi binafsi ndo ningefanya hivo.

Kuuza. Hapa sikiliza vizuri. Ukitengeneza mmoja ukamweka kwako au ukampa rafiki, hakuna atakayekusumbua. Ila Predator ana mwenyewe, na mwenyewe ni studio ya Marekani, ukimtengenezea kalibu ya silikoni ukaanza kutoa kumi kumi za rezini na kuzitangaza hiyo ni biashara juu ya mali ya mtu, na hakimiliki hata hapa kwetu ina sheria yake tangu 1999. Wajapani walilimaliza kijanja, kwenye tamasha lao la Wonder Festival wenye haki wanatoa kibali cha siku hiyohiyo moja, mpenzi anauza nakala zake chache siku inaisha kibali kinaisha. Sisi hatuna utaratibu huo. Kwahiyo huyu wa kwanza awe wako, wa shule na wa mapenzi. Cha kuuza kiwe kiumbe chako, na wala usiseme huna, umekulia Usukumani. Nenda Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho, waulize kuhusu Bagika na Bagalu walivyokua wanashindana kwenye ngoma, kila upande unatafuta kitu cha kuwavuta watazamaji kutoka kwa mwenzake, huyu analeta chatu, yule analeta sanamu ya mbao inayochezeshwa. Hiyo yote ni ubunifu wa viumbe na haina studio nyuma yake, na watalii wanaoshuka hapa hawana cha kununua zaidi ya twiga yuleyule. Ukishajua kumsimamisha Predator kwa mguu mmoja, mcheza ngoma na chatu shingoni hatakushinda.

Bajeti sitakuandikia namba maana kila duka na bei yake, ila kitakachokula hela ni epoksi na rangi, vingine vingi utaokota. Usinunue vyote siku moja. Nunua waya na plaizi kama huna, basi. Ukishamaliza mifupa, kabla hujaweka hata tone la epoksi, mpige picha nne, mbele, nyuma na mbavu zote mbili, na ya tano ya kivuli ukutani, unitumie pamoja na ule mchoro wa kumbukumbu, usiufanye msafi, nautaka ulivyo. Kama nyonga imekaa vibaya ntakwambia hapohapo tukunje waya.